Ekzosi Inayovuja na Lori Linalonyamaza: Mazungumzo ya Fundi kwa Wakazi na Wenye Malori

Haya ni maneno ya fundi mmoja wa magari aliyezungumza kwenye baraza ya wakazi, wenye malori na madereva huko Gongoni, eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Tumeyachapisha kama alivyoyasema, baada ya kuyapunguza kidogo.

 

Nimepewa dakika 20 nizungumzie ekzosi. Najua kuna waliokuja wakitarajia habari za maji au barabara, nao wanajiuliza bomba la moshi linawahusu nini. Naomba mnivumilie. Kila anayelala kando ya barabara hii, kila anayetembeza mtoto kwenda shule wakati malori ya chumvi yanapita, jambo hili ni lake.

Sitaanza na lori la mtu. Nitaanza na langu. Wahenga walisema mganga hajigangi, na kwa muda mrefu lori lililopiga kelele kuliko yote mtaani lilikuwa la fundi mwenyewe. Wengine mnacheka kwa sababu mnalikumbuka.

Sauti yenyewe ilianza ndogo. Asubuhi injini ikiwa baridi nilisikia tik-tik-tik, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko. Injini ikishika moto sauti ilinyamaza, nami nikanyamaza nayo. Ilikuwa gasketi ya manifodi, pale moshi unapotoka kwenye injini. Chuma kikipata moto hutanuka na kuubana ufa, kikipoa huachia. Nililijua hilo. Lori la mteja lingekuja na sauti ile ningemwambia alilaze siku hiyo hiyo. Langu nililipeleka Mombasa na mzigo.

Baada ya miezi michache likaja la pili, kiungo cha mbele ya sailensa kikaoza. Sailensa ni lile pipa refu chini ya lori, linalopunguza sauti ya moshi kabla haujatoka nje. Nikakata mkebe wa mafuta ya kupikia, nikauzungushia bomba, nikafunga kwa waya. Mkebe ulidumu majuma mawili. Nikaweka mwingine. Kufikia hapo lori lilikuwa linanguruma hivi kwamba mbwa wa mtaa mzima waliamka likitoka saa tisa na nusu usiku.

Jirani yangu, mama anayeuza mahamri pale kwenye kona, alinijia. Hakuja na ugomvi. Aliniambia, "Mwanangu, lori lako likipita mjukuu wangu hushtuka, na akishtuka halali tena mpaka jua litoke. Mimi nami saa kumi nakanda unga. Nitapumzika lini?" Nikamwambia, "Mama, vumilia, nikipata pesa natengeneza." Pesa nilizipata. Nilinunua matairi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Ulikuwa msimu wa mvua za masika. Lori lilikuwa foleni usiku likisubiri kupakiwa chumvi. Utingo wangu ni mtoto wa dada yangu. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo dereva aliacha injini ikiwaka, akiogopa ikizimwa haitawaka tena. Akaenda kunywa chai. Kijana akabaki kwenye kabini, akafunga vioo kwa sababu ya mvua, akalala. Ile raba ya kuzunguka mti wa gia ilikuwa imepasuka, na kiungo kilichooza kilikuwa karibu chini yake. Moshi ulikuwa na njia ya kupanda kama ngazi.

Dereva aliporudi alimkuta kijana ameanguka ubavu, anatapika, hawezi kusimama, anasema kichwa kinapasuka. Kwanza alidhani ni malaria, halafu akadhani kijana amelewa. Alikuwa na bahati kwamba alimtoa nje kwenye hewa kabla ya kuendelea kufikiri. Hospitalini aliwekewa oksijeni, akalazwa, akapona. Alipopata nafuu aliniuliza, "Mjomba, ile sauti kumbe ulikuwa unaisikia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Gesi iliyomwangusha inaitwa kaboni monoksaidi. Mnaijua kwa njia nyingine. Ndiyo ile ya jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, milango ikafungwa, asubuhi watu hawaamki. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye mapafu hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu inazunguka mwilini lakini haibebi kitu cha maana. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Usingizi ndio unaodanganya, maana dereva aliyetoka safari ndefu hashangai akisinzia.

Nataka niwe mkweli hapa. Injini ya dizeli hutoa gesi hii kidogo kuliko ya petroli. Mwenye pikapu ya petroli inayovuja ana hatari kubwa zaidi, na mwenye probox inayobeba abiria vilevile. Lakini kidogo kinachoingia kwenye kabini iliyofungwa, usiku kucha, hakibaki kuwa kidogo. Tena moshi wa dizeli una mambo yake mengine. Mwaka 2012 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi huo katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hilo haliji usiku mmoja, linawahusu wanaouvuta miaka mingi, na hao ni sisi mafundi, madereva, mautingo, na kina mama wanaouza chakula pale malori yanapopanga foleni.

Kelele nayo ina gharama ambayo mwenye lori haioni. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mtu asikae kwenye kelele inayopita desibeli 90 kwa saa 8. Dereva wa lori linalovuja hukaa humo siku nzima na sehemu ya usiku. Na akiwa humo hasikii kingine. Breki za upepo zikivuja, dereva mzuri hutambua kwa sikio kabla ya mshale kushuka. Tairi la nyuma likianza kuchanika, hulisikia. Tuktuk ikipiga honi ubavuni, huisikia. Ekzosi ikinguruma chini ya kiti chake, hayo yote yanapotea.

Kwa nini sisi hapa ekzosi zetu zinaoza upesi kuliko za watu wa bara? Mnajua. Chumvi. Tunaibeba, inamwagika, maji yake yanatiririka kwenye chesisi, na hata lori likiwa tupu upepo wa bahari unaendelea na kazi. Lakini kuna kuoza kwa ndani pia, na hakuonekani. Mafuta yakiungua hutoa mvuke wa maji. Safari ikiwa fupi, bomba halipati moto wa kutosha kuukausha, maji yanabaki ndani ya sailensa pamoja na asidi kidogo ya moshi, yanakula bati usiku na mchana. Ndiyo maana lori linalozunguka humu humu Magarini hupoteza sailensa mapema kuliko linalokwenda Nairobi.

Watengenezaji walilijua hilo, wakatoboa tundu dogo chini ya sailensa ili maji yadondoke. Nimeona wenzangu wakiliziba kwa kuchomelea wakidhani ni pale panapovuja. Ukiona tundu la duara, safi, sawa na ncha ya kalamu, liko chini kabisa, liache.

Kuutafuta uvujaji si kazi ngumu, na hata utingo anaweza. Fanya asubuhi injini ikiwa baridi. Kabla ya kuwasha, pita na tochi uangalie viungo. Pale panapovuja pana masizi meusi, yametawanyika kama mtu aliyepulizia unga wa makaa. Kisha lori liwashwe nje, mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda. Mtu mmoja avae glavu nene, achukue kitambaa kilicholowa, auzibe mdomo wa nyuma wa ekzosi kwa sekunde chache tu. Ekzosi nzima injini itaanza kulemewa na moshi utausukuma mkono wake. Inayovuja itapiga mluzi mahali penye tundu, na hapo mwenzake ataisikia. Usipeleke mkono kwenye bomba baada ya safari. Lori lenye mzigo likipanda mlima, moshi ule kabla ya turbo hupita nyuzi 500 za selsiasi. Mkono hauna nafasi ya pili hapo.

Sasa nieleze nilivyolitengeneza langu, maana wengi wameniuliza mbona sasa linapita kama gari la harusi.

Nililiacha lipoe usiku mzima. Nikaweka magogo kwenye magurudumu, nikaliinua, nikaliweka juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, na mwenye kuingia chini ya lori linaloshikiliwa na jeki tu anacheza na watoto wake. Boliti za manifodi nilizilowesha kwa dizeli na mafuta ya taa tangu jana yake, nikazirudia asubuhi. Hata hivyo mbili zilikatika, nikatumia nusu siku kuzitoboa na kukata nyuzi upya. Kazi ya ekzosi iliyooza haiendi kwa saa. Fundi akikuahidi atamaliza kabla ya chai ya saa nne, muulize atafanyaje boliti ikikatika.

Manifodi nilipoitoa niliweka rula ya chuma juu ya uso wake. Ilikuwa imepinda. Ningefunga gasketi mpya juu ya chuma kilichopinda, ingeungua mwezi ule ule, nami ningeilaumu gasketi. Nikaipeleka ikasawazishwa kwa mashine. Gasketi ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzuri. Ukifunga, anzia boliti za katikati ukienda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu, na baada ya safari ya kwanza, chuma kikipoa, rudia kukaza.

Kisha sailensa. Hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Ndani ya sailensa mna vyumba na mabomba yenye vitundu vingi. Sauti ya injini ni mawimbi, yakiingia kwenye vyumba vile hugonga kuta, hurudi, hukutana na mengine na kuuana. Ziko pia za aina ya pili, zenye sufi ya kioo inayomeza sauti, lakini sufi huliwa na moshi polepole. Kwa lori la kazi mimi nachagua ya vyumba. Ni nzito, lakini inakaa.

La muhimu ni ukubwa. Sailensa ya gari dogo ikifungwa kwenye lori la tani 7 inashindwa mara mbili: kelele haipungui, na moshi unakosa nafasi ya kutoka. Injini inakabwa koo, moshi mweusi, joto linapanda, turbo inaumia. Chukua iliyotengenezwa kwa injini kama yako, na kipenyo cha bomba kisipungue popote njiani. Mimi nilipata iliyotumika kutoka Japani, ya lori la aina ile ile. Nilimsumbua muuzaji. Niliitikisa nikasikiliza kama kuna kipande kinacheza ndani, nikaigonga kwa nyundo ndogo toka mwanzo hadi mwisho. Bati zima hulia kengele, bati lililooza hulia kama kadibodi. Nilizikataa mbili, ya tatu nikaichukua.

Kati ya injini na sailensa nilirudisha kile kipande chenye mikunjo, tunachokiita fleksi. Lori langu lilikuwa halina, fundi wa kabla yangu alikiondoa akachomelea bomba tupu. Kumbe injini hutikisika juu ya mipira yake, na sailensa imefungwa kwenye chesisi. Kimoja kinacheza, kingine kimesimama. Bila fleksi katikati kitu lazima kipasuke, na ndicho kilichokuwa kinaila mikebe yangu ya mafuta ya kupikia.

Nina ombi kwa wenzangu wa jua kali. Tuache kutumia bomba la maji la mabati kutengeneza ekzosi. Najua ni rahisi kulipata. Lakini ule mng'aro wake ni zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na baridi usiku ule ule. Wengi wenu mmeipata mkadhani ni malaria. Na kabla ya kuchomelea chochote kwenye lori, ondoa waya za betri, na uangalie kilicho karibu: mipira ya upepo wa breki, nyaya, tangi la dizeli. Lori la kisasa lenye kompyuta, umeme wa kuchomelea ukipita pasipofaa utanunua kompyuta.

Mdomo wa ekzosi nao una adabu yake. Hapa Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo watembea kwa miguu na vibanda viko kushoto kwetu. Niliupeleka wangu upande wa kulia, ukapita mwisho wa kabini. Raba ya mti wa gia nikaibadilisha. Hiyo ilikuwa kazi ya robo saa, na nadhani ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote.

Gharama? Sailensa, fleksi, gasketi, boliti, kusawazisha manifodi, klampu na mipira ya kuning'iniza, nilitoa shilingi 34,000, na kazi ni yangu mwenyewe. Si pesa kidogo. Sitasimama hapa niwaambie wenye lori moja la mkopo kwamba ni pesa kidogo. Lakini bili ya hospitali nililipa pia. Na turbo ilikuwa inakosa nguvu kwa sababu moshi wa kuizungusha ulikuwa unatokea kwenye gasketi, kwa hiyo dizeli niliyokuwa nachoma bure ilikuwa sehemu ya gharama ambayo sikuiandika popote.

Kuna wanaosema lori bila sailensa lina nguvu. Madereva, mimi nawajua. Kelele inawapa moyo wa nguvu, lakini mlima wa Mazeras hauna masikio. Lori la turbo lenye sailensa ya saizi yake halipotezi nguvu utakayoihisi. Na polisi akikusimamisha huna la kusema, kwa sababu kanuni za trafiki chini ya Sura ya 403 zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi.

Mwenyekiti aliniomba niseme kidogo kuhusu haki ya mkazi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linaiweka kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na wa kelele mikononi mwa kaunti. Kuna pia kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009. Kwa mitaa ya makazi, nje ya nyumba, zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unahesabiwa kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mkazi ana haki ya kupeleka malalamiko kwa maafisa wa mazingira wa kaunti. Akiandika saa, siku na namba ya gari, malalamiko yanakuwa na miguu. Lakini mimi, kama mwenye lori, naomba tuanze na ile njia ya yule mama wa mahamri. Alikuja kwangu, akaniambia kwa heshima. Kosa halikuwa lake kwamba sikusikia.

Nilikwenda kwake baada ya kazi kumalizika. Nilimpeleka sukari na unga, nikamwomba radhi. Akaniuliza kama lori nimeliuza. Nikamwambia hapana, mama, limepita leo alfajiri. Akasema hakulisikia, na kwamba mtoto alilala mpaka saa moja, akachelewa shule.

Maswali nitayajibu nje. Lori liko chini ya mwembe, na injini ni baridi tangu jana jioni. Mpwa wangu ana glavu na kitambaa kilicholowa. Wenye malori njooni mlisikilize likiwashwa, halafu tutayapitia yenu moja moja. Mwenye linalopiga mluzi asione haya, tutamwonyesha tundu liko wapi. Tuanze na lile la bluu.